Pongezi kwa Kuwahamisha Watu wa Kitopeni

Habari hii ni ya nchi moja ambayo si hii yetu. Naomba hilo lieleweke mapema, maana kuna wasomaji wana midomo. Nchi hiyo iko mbali, jina lake nimelisahau, na mtu akinikumbusha nitalisahau tena papo hapo. Watu wake ni wema, barabara zake ni nyingi kwenye ramani, na kiongozi wake huitwa Mheshimiwa Mwenyewe, kwa kuwa waheshimiwa wengine walizidi hata ikawa tabu kujua anazungumzwa nani.

Huko alikuwapo binti mmoja, Sikudhani, fundi wa tovuti katika Wizara ya Habari Njema. Mama yake mzazi, Bi Tausi, alikuwa akikaa Kitopeni, bondeni kabisa, chini ya bwawa la Mto Ngurumo. Siku ninayoisimulia, Sikudhani alitaka kitu kimoja tu duniani: mama yake atoke Kitopeni kabla ya saa nane mchana.

Lakini kwanza niwaeleze ile tovuti, maana bila hiyo mtadhani nawatania.

Zamani kila ofisi ya serikali ilikuwa na tovuti yake. Wizara ya Kilimo ilikuwa inawatakia wananchi heri ya mwaka mpya wa miaka sita iliyopita, na ya Afya ukiifungua ilikuwa inauza viatu. Ikaamuliwa uletwe mfumo wa kisasa: maneno yote ya serikali yakae ghala moja, peke yake, bila ukurasa wala rangi, halafu kurasa, simu za wananchi, skrini za sokoni na vipaza sauti vya stendi viwe vinachota humo. Ukiandika neno mara moja ghalani, linatokea kila mahali. Wataalamu wa nje wana jina lao kwa mfumo wa namna hiyo, jina linalosema kwamba hauna kichwa. Kamati ilipolisikia ilikohoa, mwenyekiti akainuka akafunga dirisha, na kuanzia dakika ile ukaitwa Ghala la Taifa.

Sikudhani alilijenga vizuri, hilo tumpe. Kazi ngumu haikuwa kujenga. Kazi ngumu ilikuwa kuamua fomu ya tangazo iwe na sehemu gani za kujaza. Yeye alipendekeza mbili: jina la tangazo, na maelezo. Kamati ikashangaa. Picha ya Mheshimiwa Mwenyewe akitabasamu itakaa wapi? Na pongezi je? Tangazo gani hilo la serikali lisilompongeza mtu? Vikao vikaenda kumi na vinne, chai na maandazi, na katika kile cha kumi na nne Sikudhani, kichwa kinamgonga, akaweka kwa mkono wake mwenyewe sehemu iitwayo Pongezi kwa Mheshimiwa Mwenyewe, maneno yasiyopungua mia moja, akaitia kile kinyota chekundu kinachomaanisha kwamba usipojaza, fomu haiendi. Mtu akijaribu kuiacha wazi, maandishi yanatokea: Umesahau kushukuru. Kamati ilipiga makofi. Fomu ikafungwa kwa funguo za watu tisa, isiguswe tena ila wote tisa wawepo.

Sasa turudi kwenye siku yenyewe.

Saa mbili na robo asubuhi simu ya Sikudhani iliita. Alikuwa Mhandisi Tegemea, msimamizi wa bwawa, mtu mpole ambaye siku zote alizungumza polepole. Siku hiyo alikuwa anahema.

"Dada Sikudhani, bwawa limejaa hadi juu. Nisipofungua milango, ukuta unapasuka. Mwisho wangu ni saa nane mchana. Watu wa Kitopeni watoke."

"Umewaambia?"

"Niwaambie kwa mdomo gani, dada? Janga lisilo kwenye tovuti ni uzushi, na uzushi ni miaka mitano jela. Weka tangazo. Nakuomba sana."

Sikudhani alikata simu akampigia mama yake hapohapo, sheria baadaye.

"Shikamoo mama. Toka hapo. Chukua kitambulisho chako na dawa zako, utoke sasa hivi, maji yanakuja."

"Marahaba mwanangu. Tangazo liko wapi?"

"Mama, mimi ndiye ninayekwambia!"

"Wewe nakusikia. Lakini unasahau ya juzijuzi? Walituambia hivihivi kwa mdomo, mto unakuja, tukatoka. Tuliporudi jioni, jirani zetu akina Mwanjaa wakakuta viwanja vyao vimewekewa mabango. Eti wamevitelekeza. Anayeondoka bila tangazo la serikali, kiwanja si chake. Na mimi ni balozi wa nyumba kumi, Siku. Nikitoka mimi wote wananifuata, halafu wakija kupokonywa wanilaani mimi. Leta tangazo, sisi tutatoka dakika hiyohiyo, hata chai hatumalizi."

Hakuwa mjinga mama huyu. Katika nchi ile ukimwona mtu anasubiri karatasi, ujue ameshaumwa siku asiyokuwa nayo.

Basi Sikudhani akafungua fomu. Maelezo aliyamaliza kwa nusu dakika: bwawa limejaa, milango inafunguliwa saa nane, watu wa Kitopeni wapande mlimani. Akaweka picha ya Mheshimiwa Mwenyewe akitabasamu, meno yote nje. Akafika kwenye kinyota chekundu, vidole vikasimama.

Unampongezaje mtu kwa mafuriko?

Aliandika, akafuta, akaandika. Mwishowe akapeleka kwa mkurugenzi wake, Dokta Kirobo, aidhinishe, tangazo lililompongeza Mheshimiwa Mwenyewe kwa uongozi wake shupavu katika kipindi hiki cha mafuriko. Dokta Kirobo alikuwa na udaktari wa heshima katika mambo ya heshima. Alivaa miwani, akasoma, akaivua.

"Sikudhani. Katika kipindi cha mafuriko? Kwa hiyo mafuriko yana kipindi, na kipindi hicho ni chake?"

"Mkurugenzi, watu watakufa. Mama yangu yuko kule."

"Pole sana. Mama ni mama. Lakini ukiweka jina la Mheshimiwa na neno mafuriko kwenye sentensi moja, msomaji ataunganisha. Watu wetu ni hodari wa kuunganisha. Kaandike upya."

Alirudi akaandika upya, akampongeza kwa mvua nyingi. Dokta Kirobo akakataa, maana mvua nyingi ilishaahidiwa ya mwezi wa kumi na mbili, na ikinyesha sasa itaonekana ahadi imewahishwa bila kikao. Akampongeza kwa bwawa. Hapo mkurugenzi alitabasamu kidogo, halafu akakumbuka: bwawa lilijengwa na aliyetangulia. Akampongeza kwa afya njema tu, maneno mia na matatu ya afya njema, na chini yake tangazo la maji.

"Hapana, hapana," Dokta Kirobo alisema, sasa kwa huzuni ya kweli. "Yeye ana afya njema huku wananchi wanazama? Hebu jisikilize, binti yangu."

"Basi tuiondoe hiyo sehemu ya pongezi! Leo tu! Mkurugenzi, nakupigia magoti."

Na alipiga magoti kweli, kwenye zulia la wizara, saa tano na nusu asubuhi. Dokta Kirobo alimwinua, akampa kitambaa cha kufutia machozi, akamweleza kwa upole kwamba funguo ni za watu tisa, na mmoja wao, mwenyekiti wa kamati, yuko ng'ambo kwenye kongamano la kuharakisha shughuli za serikali. Atarudi baada ya wiki tatu.

Sikudhani alienda msalani akalia kwa sauti. Wanawake wawili wa idara ya picha walimsikia. Wakatoka taratibu, kila mmoja akijisemea kwamba hakusikia.

Huko msalani ndiko lilikomjia wazo, na mimi siwezi kumlaumu, maana na mimi ningelifuata.

Ghala la Taifa lilikuwa na aina nyingine ya andiko ambayo haikuhitaji idhini ya mtu. Iliitwa Pongezi, basi, pongezi tupu. Tangu mwanzo kila mkubwa alikataa kuwekwa kwenye mlolongo wa kuziidhinisha, asije akaandikwa popote kwamba sifa za Mheshimiwa zilikaa mezani kwake dakika tatu. Kwa hiyo Pongezi ilitoka moja kwa moja: ukibofya, imefika kwenye kila simu, kila skrini, kila kipaza sauti.

Sharti lilikuwa moja. Haipongezwi ahadi, linapongezwa tendo lililokwisha kutendeka. Fomu ilikataa wakati ujao.

Saa sita na dakika ishirini, Sikudhani akaandika: Tunampongeza Mheshimiwa Mwenyewe kwa kuwahamisha wananchi wote wa Kitopeni na kuwapeleka mlimani salama leo, kabla ya milango ya bwawa kufunguliwa saa nane mchana. Mtu mwenye akili, alijisemea, akisoma hapo ataelewa anatakiwa afanye nini. Mama ataelewa. Na hakuna atakayesema wametelekeza viwanja, imeandikwa wamehamishwa na mkubwa mwenyewe! Alijaziajazia busara na maono hadi maneno yakatosha, akabofya, akaikumbatia kompyuta. Wallahi aliikumbatia.

Kilichotokea ni hiki.

Kitopeni simu zililia zote kwa pamoja, na watu wote wakafanya kama kawaida yao: wakatelezesha kidole, ujumbe ukaenda zake. Siku hiyo peke yake zilikuwa zimeshaingia pongezi kumi na sita. Bi Tausi alikuwa anachambua mchele. Aliona picha yenye meno, akasema "haya baba, hongera," akaendelea na mchele.

Wanaosoma pongezi katika nchi ile ni wakubwa, kila mmoja akiangalia kama mwenzake amemtangulia. Wizara ya Ardhi iliposoma ikaona imeachwa nyuma, ikatoa pongezi kwa pongezi. Ya Maji ikafuata. Ya Uvuvi ikawapongeza hata samaki. Wizara ishirini na tatu zikamwaga sifa ghalani kwa mkupuo mmoja, na kila sifa ikaenda kwenye kila simu, hadi mitandao ikaelemewa ikazima. Sikudhani alikuwa anampigia mama yake amwambie fungua, soma. Alipiga mara arobaini. Kila mara sauti ya mwanamke ikamwomba ajaribu baadaye.

Na kule bwawani Mhandisi Tegemea, ambaye alikuwa akiitazama simu yake tangu asubuhi kama mgonjwa anayesubiri majibu, aliipata ile Pongezi ya kwanza kabla mitandao haijafa. Watu wote wamehamishwa! Alimshukuru Mungu, akalia, akasema sasa ya nini kusubiri saa nane na ukuta unalia hivi. Akafungua milango saa saba.

Saa saba na nusu, kutoka dirisha la ghorofa ya tano, Sikudhani aliyaona maji. Yalikuwa ya rangi ya udongo na yalikuwa mapana, na katikati yake mapaa yalikuwa na watu. Alisikia mtu anapiga kelele ofisini, akashangaa ni nani, kumbe ni yeye.

Alishuka ngazi, akakimbia hadi Kikosi cha Uokoaji, ambacho kwa bahati kilikuwa mtaa wa pili. Kamanda wake, mtu mnene mwenye sauti nzuri, alimpokea vizuri akampa kiti.

"Boti!" Sikudhani alisema. "Kitopeni! Watu wako juu ya mapaa!"

"Watu gani tena, dada yangu? Kitopeni wamehamishwa." Akamgeuzia skrini. "Si unaona? Imetoka Ghala la Taifa."

"Hiyo nimeiandika mimi! Ni uongo!"

Kamanda aliangalia huku na huku. Akasogea karibu, akapunguza sauti, na kwa kweli alikuwa anamhurumia.

"Dada, mimi sijasikia. Mimi nikipeleka boti kuokoa watu waliokwisha kuokolewa, nimesema nini kuhusu aliyewaokoa? Ungekuwa kwenye nafasi yangu ungeona. Nenda nyumbani upumzike."

Akarudi wizarani mbio. Huko Dokta Kirobo alimpokea kwa mikono miwili. Ikulu imefurahi! Haijawahi kutokea pongezi iliyozaa pongezi ishirini na tatu! Sikudhani alimshika suti.

"Mkurugenzi, tuifute. Nakuomba tuifute sasa hivi."

"Kufuta pongezi?" Dokta Kirobo alibadilika rangi. "Binti, unaumwa? Nikuitie gari?"

Saa nane na dakika kumi mitandao ikazinduka, na simu ya Sikudhani ikaita. Alikuwa mama yake. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na watoto wanalia na mtu anasali.

"Mama! Uko wapi?"

"Juu ya paa la shule, mwanangu. Tuko wengi. Maji yamefika madirishani na bado yanapanda. Chaji inakwisha, nisikilize. Nimekaa hapa sina la kufanya, nikafungua zile meseji. Kuna moja imeandikwa tumehamishwa. Ndiyo maana boti haziji, au siyo? Mtu aliyeandika maneno haya, Siku, Mungu amuonyeshe."

Sikudhani alitaka kunyamaza. Akashindwa.

"Ni mimi, mama. Nilitaka usome utoke. Niliandika mimi."

Upande wa pili Bi Tausi alisikika akimvuta mtoto mmoja mbali na ukingo wa paa.

"Basi nisamehe, nimekulaani bila kujua," Bi Tausi akasema. "Futa."

"Hayafutwi, mama."

"Hayafutwi." Bi Tausi alivuta pumzi. Alikuwa ameishi katika nchi ile miaka sitini na minne na hakuwahi kuihitaji akili yake yote kama dakika hiyo. "Haya. Kama tumehamishwa, basi andika tumerudi."

"Unasemaje?"

"Andika tumerudi. Bila kibali. Andika tumekaidi, tumemdharau. Hao hawana boti za kuokoa mtu, lakini kwa mtu wa kumkamata hawajawahi kukosa usafiri. Shika kalamu nikutajie majina, maana bila majina watasema hawamjui wa kumkamata. Haraka!"

Sikudhani aliandika kwenye kiganja, kwenye mkono, hadi kwenye kiwiko. Bi Tausi alitaja majina ya watu wa paa la shule mmoja mmoja, watoto kwa wazee, bila kurukaruka, kama anayeita mahudhurio. Alipofika la sitini na moja akasema, "Na kwenye paa la mashine ya kusaga naona wengine, siwatambui vizuri, ngoja," na hapo simu ikazima.

Pongezi ya pili ilitoka saa nane na dakika ishirini na tano. Tunampongeza Mheshimiwa Mwenyewe kwa msimamo wake mkali dhidi ya wakaidi sitini na mmoja waliorejea Kitopeni bila kibali baada ya kuhamishwa kwa heshima, na ambao sasa wamejificha juu ya paa la shule. Majina yakafuata.

Robo saa haikuisha. Zilikuja boti kumi na mbili za polisi, mpya, nyingine bado na nailoni kwenye viti. Nchi nzima haikujua kama zipo. Askari walilizunguka lile paa, wakawaamuru wakaidi kwa kipaza sauti wajisalimishe, na wakaidi wakajisalimisha kwa furaha ambayo haijawahi kuonekana. Bibi mmoja alizibusu pingu. Boti zikarudi nusu tupu, zikipita karibu kabisa na mashine ya kusaga, kwa sababu amri haikutaja mashine ya kusaga.

Sikudhani alimkuta mama yake kituo cha polisi, kwenye benchi, amelowa, pingu mikononi, mzima. Alimkumbatia hadi askari akawatenganisha. Kisha akafanya alichokuwa amekusudia tangu njiani: akafungua kompyuta aliyokuja nayo mkobani aandike Pongezi ya tatu, ya watu wa mashine ya kusaga. Nywila ikakataa. Akajaribu tena, ikakataa. Alimpigia Dokta Kirobo, naye akapokea akicheka. Hongera! Kwa kazi iliyotukuka ya siku moja, Sikudhani amepandishwa cheo kuwa Mkurugenzi Msaidizi, na wakurugenzi wasaidizi, kwa heshima yao, hawagusi ghala. Nywila imeshafungwa. Fundi mpya atapatikana usaili ukikamilika.

Nje ya kaunta foleni ilikuwa imeshaanza. Walikuwa watu wa Kitopeni ambao siku hiyo walikuwa kazini mjini, na walikuwa wameisoma ile Pongezi ya pili. Wa mbele kabisa alikuwa Mzee Shomvi, mshona viatu wa stendi, jirani wa Bi Tausi ukuta kwa ukuta. Mkewe, Bi Kazija, ndiye mwenye ile mashine ya kusaga.

"Afande," Mzee Shomvi alisema, kofia mkononi, "nimekuja kumshitaki mke wangu. Amerudi Kitopeni bila kibali. Nina hakika. Nendeni mkamkamate, tafadhali."

Sajini alilamba kidole, akafunua orodha. Aliipitia kutoka juu hadi chini, polepole, kwa haki kabisa. Nyuma ya Mzee Shomvi wengine walikuwa wameshaanza kuyatamka majina ya kwao.

"Kazija binti nani?"

"Kazija binti Mbwego. Mkaidi sana, afande. Anatukana serikali asubuhi na jioni."

Sajini alipitia tena. Akafunga daftari, akamtazama mzee kwa uso wa mtu anayetoa habari njema.

"Nenda zako nyumbani, mzee wangu. Mkeo hana kosa lolote."